Picha Mbili kwa Tiketi Moja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayojirudia kila wapenzi wa sinema za zamani wanapokutana. Yale mepesi yako juu, yale ya ubishi yako chini. Pale jibu linapogusa jambo lililokwisha kuelezwa, nimekutajia namba ya swali ili nisikuchoshe.

## Misingi

1. "Picha mbili kwa tiketi moja" ni nini hasa?

Unalipa kiingilio mara moja, unakaa, unaonyeshwa filamu mbili kamili, moja baada ya nyingine. Katikati kuna mapumziko mafupi ya kununua karanga na soda. Katuni, picha fupi za habari na trela havihesabiwi; hizo zilikuwapo hata siku ya filamu moja.

Kiswahili hakina jina moja lililokubaliwa na wote. Wapo wanaosema "picha mbili kwa mpigo", wapo wanaosema "mikanda miwili". Humu nitatumia neno "jozi", kwa sababu linabeba jambo ambalo maneno mengine hayalibebi: kwamba hizo mbili, zikishakaa pamoja, zinaanza kusemeshana hata kama aliyezikutanisha hakuwa na nia hiyo.

2. Ilianza wapi, na kwa nini?

Majaribio ya hapa na pale yalikuwapo mapema, lakini desturi yenyewe ilishika mizizi Marekani katika miaka ya 1930, baada ya mdororo wa uchumi ulioanza 1929. Makadirio ya wakati ule yanaonyesha kwamba watazamaji walishuka kutoka karibu milioni 90 kwa wiki mwaka 1930 hadi milioni 60 hivi miaka miwili mitatu baadaye. Viti vikabaki vitupu, na wenye majumba ya sinema wakaanza kutapatapa.

Wengine waligawa vyombo: wiki hii kikombe, wiki ijayo kisosi, hivyo mama wa nyumbani alilazimika kurudi mpaka seti itimie. Wengine walichezesha bahati nasibu ya fedha ukumbini. Wengine wakaongeza filamu ya pili, na hii ndiyo iliyodumu. Kufikia katikati ya muongo ule, majumba mengi ya Marekani yalikuwa yakionyesha mbili kama kawaida.

Kwa hiyo ukiulizwa nani aliyebuni jozi, jibu ni njaa. Picha ya pili ilikuwa kama zile nyanya mbili ambazo mwenye genge anakuongezea juu ya fungu ili kesho usiende kwa jirani yake.

3. Picha "A" na picha "B" zilitofautianaje?

Katika jozi, picha kuu iliitwa A na ya kuisindikiza iliitwa B. Watu hudhani ni tofauti ya ubora. Kwa kweli ilikuwa tofauti ya malipo. Picha A ilikuwa na nyota wakubwa, na msambazaji alichukua asilimia fulani ya mapato ya mlangoni. Picha B ilikodishwa kwa bei moja isiyobadilika, ukumbi ujae au usijae. Kwa kuwa mtengenezaji alijua mapema atapata nini, alijua pia asitumie zaidi ya nini: ndiyo maana picha B nyingi zilikuwa na dakika 60 hadi 70 tu, mandhari zilezile zikitumika tena, farasi walewale, mtaa uleule wa mbao. Kampuni kama Republic na Monogram ziliishi kwa kazi hiyo.

Lakini ufukara nao una ufundi wake. Mwaka 1942 studio ya RKO ilimpa Val Lewton jina la filamu tu, *Cat People*, na bajeti isiyozidi dola 150,000, wakamwambia atafute hadithi ya kuingia humo. Kwa fedha hizo huwezi kutengeneza dubwana la maana. Basi Lewton na mwongozaji wake Jacques Tourneur wakatumia kivuli, sauti ya hatua barabarani na bwawa la kuogelea lenye giza. Watu wakaogopa kuliko wangeogopeshwa na dubwana lenyewe.

4. Ni kweli watu waliingia ukumbini wakati wowote?

Kweli kabisa. Maonyesho yalizunguka mchana kutwa: picha ya kwanza, habari, katuni, picha ya pili, kisha tena ya kwanza. Uliingia ulipofika, hata kama stelingi alikuwa tayari amekamatwa na adui zake. Ulitazama mwisho, ukatazama picha ya pili yote, halafu ukasubiri ile ya kwanza irudi mpaka mahali ulipoikuta. Hapo ulimgusa mwenzako begani, mkaondoka.

Aliyeivunja tabia hiyo kwa kelele kubwa ni Alfred Hitchcock. Mwaka 1960, *Psycho* ilipotoka, alitaka kila ukumbi umkatalie mtu yeyote aliyechelewa. Alikuwa na sababu: mwanamke anayeonekana kuwa nyota wa hadithi anauawa mapema, na anayeingia katikati angekaa saa nzima akimsubiri aonekane.

5. Kwa nini desturi hii ilififia?

Pigo la kwanza lilitoka mahakamani. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi dhidi ya Paramount na studio nyingine kubwa, ilizuia tabia ya kuwalazimisha wenye kumbi wachukue rundo la filamu kwa pamoja, na studio zikatakiwa kuachana na kumbi zao. Ukumbi ukipata uhuru wa kuchagua, kwa nini uchukue picha B ya kubahatisha? Pigo la pili lilikuwa televisheni, iliyoanza kutoa kitu kilekile nyumbani bila kiingilio.

Hata hivyo jozi haikufa palepale. Kampuni ya American International Pictures ilikuja na hesabu ya kijanja katikati ya miaka ya 1950. Ikiwa picha B inalipwa bei moja, tutengeneze mbili za bei rahisi, tuziuze kama kifurushi kimoja, kisha tudai asilimia kama ya picha A. Ndivyo *Day the World Ended* na *The Phantom from 10,000 Leagues* zilivyouzwa pamoja. Wateja wao wakubwa walikuwa vijana na sinema za uwanjani, ambako mtu hutazama akiwa ndani ya gari lake. Sinema ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa karibu na mji wa Camden, New Jersey, mwezi Juni 1933, na miaka ya 1950 zilikuwa zimefika maelfu. Huko picha mbili zilikuwa na maana ya kibiashara: mapumziko ya katikati ndiyo yaliyouza soseji na bisi.

Kisha zikaja kumbi zenye skrini nyingi chini ya paa moja, na kila filamu ikapewa chumba chake na tiketi yake.

## Jozi zinazotajwa sana

6. Jozi ipi ilifanikiwa bila mtu kuitarajia?

Yangu ni ya 1938. Ukumbi wa Regina kule Beverly Hills ulikuwa unakaribia kufilisika. Mwenyewe akakodi picha kuukuu za kutisha, *Dracula* na *Frankenstein*, zote za 1931, akaziunganisha na *The Son of Kong*. Yaani zilikuwa tatu, lakini tusigombane. Foleni ikazunguka mtaa. Studio ya Universal iliposikia, ikaacha ile ya tatu na kusambaza *Dracula* na *Frankenstein* nchi nzima kama jozi.

Bela Lugosi, aliyekuwa Dracula mwenyewe, wakati huo alikuwa na hali mbaya ya fedha. Picha za kutisha zilikuwa zimeacha kutengenezwa na simu yake haikulia. Ghafla sura yake ikawa inajaza kumbi kwa kazi aliyokuwa ameifanya miaka saba nyuma. Universal ikaanza haraka kutengeneza *Son of Frankenstein*, ikatoka Januari 1939, na Lugosi akapewa nafasi ndani yake. Kwa hiyo wimbi zima la pili la filamu za kutisha za Hollywood lilifunguliwa na mwenye ukumbi aliyekuwa anatafuta pesa ya kodi.

7. Ile hadithi ya watu kufungiwa milango kule Riverside ni ya kweli?

Ni ya kweli, na ndiyo jozi ninayoipenda kuliko zote kwa sababu haikukamilika. Tarehe 9 Septemba 1939, watu wa mji wa Riverside, California, walikwenda ukumbi wa Fox kutazama *Hawaiian Nights* na *Beau Geste*. Ya kwanza ilipokwisha, wakatangaziwa kwamba badala ya ya pili wataonyeshwa filamu nyingine, ndefu sana, ambayo haitatajwa jina. Anayetaka kuondoka aondoke sasa. Milango ikishafungwa, hakuna kuingia tena wala kupiga simu.

Mtayarishaji David O. Selznick alikuwa amekaa humohumo ukumbini. Jina lilipotokea kwenye skrini, watu walisimama wakapiga kelele: ilikuwa *Gone with the Wind*, ambayo nchi nzima ilikuwa ikiisubiri na ambayo ingezinduliwa rasmi Desemba. Fikiria mtu aliyetoka nyumbani kwenda kuona picha ya kawaida ya Jumamosi, akarudi usiku wa manane akiwa ameona kitu ambacho hakuna jirani atakayemwamini.

8. Oswald alikamatwa akitazama picha gani?

Tarehe 22 Novemba 1963, baada ya Rais Kennedy kupigwa risasi Dallas, Lee Harvey Oswald, aliyekuja kushtakiwa kwa mauaji hayo, aliingia Texas Theatre bila kununua tiketi. Meneja wa duka la viatu la jirani alimtilia shaka, mkata tiketi akaita polisi. Siku hiyo ukumbi ulikuwa na jozi ya picha za vita: *Cry of Battle* na *War Is Hell*. Ya pili ndiyo iliyokuwa ikionyeshwa taa zilipowashwa na polisi wakaingia.

Hakuna ambaye angezikumbuka picha hizo leo kama si mchana ule. Jengo bado lipo, na bado linaonyesha sinema.

9. Je, kuna picha ya kusindikiza iliyokuja kuwa kubwa kuliko ile iliyoisindikiza?

*The Wicker Man* ya Uingereza. Wasambazaji hawakujua waifanye nini: polisi mcha Mungu anatua kwenye kisiwa cha Scotland kutafuta mtoto aliyepotea, wenyeji wanaimba, na mwisho wake ulimkera kila aliyeshika daftari la hesabu. Wakaipunguza hadi dakika 87 hivi ili itoshe kwenye nafasi ya pili, na Desemba 1973 wakaitoa nyuma ya *Don't Look Now*.

Ningelipa vizuri kukaa ukumbini siku ile. Zote mbili ni hadithi za mwanamume anayefuata mtoto, na zote mbili zinamfikisha mahali ambapo mtazamaji ameanza kupaona kabla yake. Nina shaka kama aliyezipanga aliliona hilo. *Don't Look Now* ilibaki na heshima yake tangu mwanzo. *The Wicker Man* ilizunguka miaka mingi ikiwa imekatwakatwa, na leo inatajwa kila watu wanapoorodhesha filamu bora za Uingereza.

10. Kwa nini kila mtu huitaja jozi ya Japani ya 1988?

Kwa sababu hakuna jozi nyingine inayomfanya msikilizaji aulize, "Walikuwa wanafikiria nini?"

Tarehe 16 Aprili 1988 studio ya katuni ya Ghibli ilitoa filamu mbili siku moja, kwa tiketi moja. Moja ni *My Neighbor Totoro* ya Hayao Miyazaki: watoto wawili wa kike wanahamia kijijini na baba yao, wanakutana na jitu la manyoya linaloishi msituni, wanapanda basi ambalo ni paka. Nyingine ni *Grave of the Fireflies* ya Isao Takahata: kaka na mdogo wake wa kike wanabaki yatima baada ya mabomu ya Wamarekani kuunguza Kobe mwaka 1945, na njaa inawala taratibu. Hii ya pili inakuambia tangu dakika ya kwanza kwamba kijana atakufa. Haikufichi chochote, na bado inakuvunja.

Sababu ilikuwa fedha, kama kawaida (angalia swali la 2). Wafadhili waliona Totoro peke yake haina mvuto wa kutosha: hakuna vita, hakuna adui, hakuna roboti. Ufumbuzi ukapatikana kwa kumleta Shinchosha, mchapishaji wa kitabu cha Akiyuki Nosaka ambacho ndicho chimbuko la hadithi ya Kobe. Yeye angebeba gharama za filamu ya Takahata, kampuni ya Tokuma Shoten ingebeba ya Miyazaki, na zote mbili zingeingia sokoni zikishikana mikono. Hadithi ya vita yenye asili ya kitabu cha heshima ilikuwa ndiyo kadi ya kuingilia hata kwenye shule.

Mpangilio haukuwa mmoja kila mahali. Waliopata Hotaru kwanza (Wajapani huiita filamu hiyo ya vimulimuli *Hotaru no Haka*) walipata Totoro ya kuwafuta machozi. Waliopata Totoro kwanza waliingia wakicheka, wakatoka kimya na watoto wao mkononi. Filamu zilezile, kiti kilekile, siku mbili tofauti kabisa.

Nimezitazama kwa mpangilio wote miwili, nyumbani. Nilichogundua ni kwamba zina mifupa ileile: ndugu wawili, mkubwa akimlea mdogo, mama hayupo, na mji umebaki nyuma. Hata ule mwavuli na mvua ya kwenye kituo cha basi katika Totoro hukai navyo vilevile baada ya kuona kilichowapata wale wawili wa Kobe.

Sokoni hazikutikisa mwaka ule. Mwanasesere wa Totoro alipotoka miaka kama miwili baadaye, ndipo fedha zilipokuja, na hadi leo lile jitu ndilo nembo ya studio.

11. *Grindhouse* ilikosea wapi?

Robert Rodriguez na Quentin Tarantino walitoa *Planet Terror* na *Death Proof* Aprili 2007 kama onyesho moja la dakika 191, likiwa na mikwaruzo ya makusudi, rili (vipande vya mkanda) "zilizopotea" na trela za filamu ambazo hazikuwapo. Walikuwa wanaikumbuka mitaa ya kumbi chakavu za miaka ya 1970. Nyumbani Marekani ikaingiza dola milioni 25 hivi tu, chini sana ya ilichogharimu. Baadhi ya watazamaji waliinuka ya kwanza ilipokwisha wakaenda zao, wakidhani onyesho limeisha. Nchi nyingi nyingine zikapewa filamu hizo zikiwa zimetenganishwa.

Maoni yangu: waliuza nyongeza kwa kizazi ambacho hakikuwahi kupewa nyongeza. Ajabu ni kwamba trela moja ya uongo, *Machete*, ikageuka filamu ya kweli mwaka 2010.

## Huku kwetu

12. Majumba yetu ya zamani yalikuwa na jozi kama za Marekani?

Ukitaja Majestic ya Vuga Unguja, Avalon au Empress za Dar es Salaam, Regal au Naaz za Mombasa, Shan au Liberty za Nairobi, mtu wa umri fulani atatabasamu. Lakini kilichojaza kumbi hizo zaidi ya kitu kingine kilikuwa picha ya Kihindi, na picha ya Kihindi tayari ni jozi ndani ya ganda moja. *Mother India* ya 1957 inakaribia saa tatu. *Sholay* ya 1975 inazipita. *Sangam* ya Raj Kapoor, 1964, inakaribia saa nne na ilikuwa na mapumziko mawili. Baada ya hapo ukimwongezea mtu picha ya pili, atakosa basi la mwisho na atakuwa na maelezo ya kutoa nyumbani.

Kuona picha mbili kwa siku kulikuwapo, ila kwa njia nyingine: kwa miguu. Siku ya Idi kumbi ziliongeza maonyesho, na mtoto mwenye hela za sikukuu mfukoni angeweza kutoka sinema moja akakimbilia nyingine. Tiketi zilikuwa mbili, kweli, lakini aliyezigharamia ni mjomba.

13. Na vibanda umiza je?

Hapo ndipo jozi ilipopata makazi yake halisi Afrika Mashariki. Video ilipoenea, mtu mwenye televisheni, deki na jenereta aliziba kuta kwa magunia au mabati, akaweka mabenchi, akaandika kwa chaki ubaoni majina ya mikanda ya leo. Tanzania tunakiita kibanda umiza, na jina limejieleza: mgongo na makalio ndivyo vinavyoumia. Uganda nao wanaita kibanda, neno lilelile.

Kiingilio kilikuwa sarafu, na kwa sarafu hiyo mara nyingi ulipata miwili: wa ngumi na wa Kihindi, au wa vita na wa ngumi. Kanuni ya mwenye kibanda cha mtaani kwetu ilikuwa wazi. Mkanda mzuri unakaa wa pili. Ukiuweka wa kwanza, wanunuzi wa kahawa na kashata wanaondoka mapema.

Humo pia ilizaliwa sanaa ya kutafsiri papo kwa papo. Uganda ilitangulia, kisha Tanzania ikampata Kapteni Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, na Kenya ina DJ Afro. Hawa hawatafsiri tu. Wanampa adui jina la mtaani, wanamsuta stelingi anapochelewa kupiga, wanaeleza bei ya gari linalolipuka. Mtafsiri mmoja akisimulia mikanda yote miwili, unapata jozi ambayo hakuna msambazaji wa Hollywood aliyewahi kuiota: polisi wa Hong Kong na mpenzi wa Bombay wakizungumza kwa sauti ya mtu mmoja, na utani wa mkanda wa kwanza ukirudi kwenye wa pili.

14. Ni kweli filamu moja ilionyeshwa kumbi mbili kwa wakati mmoja?

Karibu kwa wakati mmoja. Filamu ya milimita 35 haikuja kama kitu kimoja. Ilikuja kwenye makopo, kila rili ikichukua kama dakika 20. Mwenye ukumbi akiwa na nakala moja tu mjini, ukumbi wa kwanza ulianza mapema, na kila rili ilipokwisha kijana wa baiskeli aliinyakua na kuipeleka ukumbi wa pili. Unguja na Dar zilikuwa na vijana hao. Tairi likipasuka, ukumbi wa pili ulikaa gizani, na watu wakaanza kupiga miluzi.

Kwa jozi ya kweli, fundi wa projekta alikuwa na makopo mara mbili ya kupanga. Mashine zilikuwa mbili. Rili moja ikikaribia mwisho, alama ndogo ya duara inatokea pembe ya juu kulia ya skrini, na fundi anawasha mashine ya pili. Ukishaiona alama hiyo mara moja, utaiona kila mara, na hutanishukuru.

## Maswali ya ubishi

15. *Barbie* na *Oppenheimer* zinahesabika?

Kwa kipimo cha swali la 1, hapana: tiketi zilikuwa mbili na kampuni zilikuwa mbili, Warner Bros. na Universal, zilizokuwa zikishindana. Moja ni ya mwanasesere wa waridi, nyingine ya mwanasayansi wa bomu la atomiki. Zilitoka siku moja, 21 Julai 2023, na mzaha wa mtandaoni ukaziunganisha. Kabla ya siku yenyewe, kampuni ya kumbi ya AMC ilisema zaidi ya wanachama wake 20,000 walikuwa wamekata tiketi za zote mbili kwa siku moja.

Lakini mimi ninazihesabu. Jozi nyingine zote humu zilipangwa na mwenye ukumbi au mhasibu. Hii ilipangwa na watazamaji, kwa fedha zao wenyewe, na walikaa karibu saa tano. Japani haikucheka: mzaha wa waridi uliochanganywa na wingu la atomiki uliwakera wengi, na *Oppenheimer* haikuingia huko mpaka Machi 2024.

16. Ianze ipi, nzito au nyepesi?

Nzito. Swali la 10 limekwisha kueleza kwa nini. Wapo wanaosema nyepesi inakuandaa. Mimi nasema nyepesi ikitangulia inaonekana ya kijinga ukiikumbuka njiani kurudi nyumbani, na hilo si haki kwake.

17. Nikinunua tiketi moja kisha nikajipenyeza ukumbi wa pili, si ndiyo jozi?

Huo ni wizi wenye bisi.

18. Filamu iliyogawanywa sehemu mbili ikionyeshwa siku moja ni jozi?

Hapana. Hiyo ni hadithi moja yenye mapumziko marefu. Jozi inataka wageni wawili.

19. Bado kuna mahali pa kuona jozi halisi?

New Beverly Cinema ya Los Angeles imekuwa ikionyesha jozi tangu 1978. Tarantino alilinunua jengo mwaka 2007 lisije likafungwa, na tangu alipochukua upangaji wa vipindi mwaka 2014 wanaonyesha kwa mkanda halisi wa filamu tu. Ukipita huko, nunua tiketi yako moja.

20. Nitapangaje jozi nyumbani?

Jumla isizidi saa tatu na nusu. Usichukue filamu zinazofanana waziwazi, mbili za majambazi kwa mfano. Ya pili italipa deni la ya kwanza. Tafuta uzi mmoja mwembamba: kazi ileile, mvua ileile, mwigizaji yuleyule akiwa kijana kisha mzee. Katikati washa taa, chemsha chai, na usiruhusu mtu ashike simu kutafuta mwisho wa ya pili unakuwaje. Kama umeme wa mtaa wenu unajulikana kwa tabia zake, anza mapema.

21. Nikisinzia kwenye ya pili, naweza kusema nimeiona jozi?

Mradi uliamka kabla ya taa kuwashwa na unaweza kusimulia mwisho. Baba yangu alilala robo tatu ya picha za pili alizowahi kulipia, na bado alikuwa na maoni makali juu ya kila moja.